Kupiga Picha Chini ya Jua la Dodoma: Vifaa, Mwanga na Kuhariri kwa Anayejifunza

Picha za mwaka wangu wa kwanza wa kamera zina kasoro moja: watu wote wana mashimo meusi mahali pa macho. Nilikuwa nawapanga uani saa 7 mchana nikiamini kwamba jua likiwa kali ndipo mwanga unakuwa mzuri. Mama mkubwa alipoonyeshwa yake aliitazama kwa muda, akaniuliza, "Mwanangu, huyu ni mimi au ni marehemu mama yangu?" Kisha akahamia barazani kwa sababu jua lilishamchosha, nami nikampiga moja ya kujaribu tu. Hiyo ndiyo iko ukutani kwake mpaka leo. Kamera ileile, lenzi ileile, hatua sita kutoka pale alipokuwa amesimama.

Ndiyo maana naanza na jua. Dukani tutakwenda baadaye.

Hatua ya 1: Lijue jua la hapa

Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua letu hupanda karibu wima. Linachomoza kati ya saa 12:10 na saa 12:50 asubuhi kutegemea mwezi, na linazama kati ya saa 12:30 jioni na saa 1. Ule mwanga laini wa rangi ya dhahabu unaosifiwa sana haudumu: ndani ya dakika 45 hivi jua limeshapanda nyuzi 10 na rangi imeanza kupauka. Mafunzo mengi ya mtandaoni yanatoka Ulaya, ambako jua hupanda kwa mshazari na mwanga huo hukawia. Hapa ukianza kutafuta chaja jua likishachomoza, umechelewa. Kila kitu kiwe tayari tangu usiku.

Kipimo changu hakihitaji programu yoyote. Tazama kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, jua liko chini ya nyuzi 45 na unaweza kupiga picha za watu uwanjani. Kikiwa kifupi kuliko wewe, ondoka juani. Kwa wastani jua huvuka kiwango hicho karibu saa 4 kasoro robo asubuhi, na kivuli hurefuka tena kuanzia karibu saa 9 na nusu alasiri. Katikati hapo ni jua la utosi, linalotia kivuli cha nyusi machoni na cha pua mdomoni.

Mchana kutwa hutakaa bila kupiga, kwa hiyo tafuta kivuli kilicho wazi: baraza, mlango, chini ya bati lililotokeza, ubavu wa nyumba. Mtu awe ndani ya kivuli, hatua moja tu kutoka ukingoni, akitazama nje kwenye mwanga. Anga lote lililo mbele yake linakuwa taa moja kubwa, na taa kubwa ndiyo inayotoa vivuli laini. Ukimwingiza ndani zaidi, uso unafifia na macho yanapoteza ile nukta ya mwanga inayoyafanya yawe hai.

Kuna jambo moja ambalo nililigundua kwa kukaa na kutazama nyumba. Kuanzia wiki ya pili ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua la mchana linapita upande wetu wa kusini. Miezi mingine yote linapita kaskazini. Kwa hiyo mwezi Juni mlango unaotazama kusini una kivuli kizuri kutwa nzima, na mwezi Desemba ni ule unaotazama kaskazini. Tembea kwenu ukiwa na dira ya simu, uweke alama milango miwili. Hizo ndizo studio zako, na hazina kodi.

Angalia na chini pia. Udongo wetu mwekundu hurudisha mwanga wenye wekundu chini ya kidevu. Kwa picha ya mzee mwenye shuka begani unapendeza. Kwa picha ya pasipoti unaleta ugomvi. Ukitaka kuufuta, tandika shuka jeupe miguuni pake.

Hatua ya 2: Vifaa, kwa mpangilio wa kununua

Kama una simu janja, anza nayo miezi miwili. Futa lenzi (mafuta ya vidole ndiyo chanzo cha picha nyingi zenye ukungu), gusa uso kwenye skrini, kisha shusha mwanga kidogo kwa kidole. Usivute kwa vidole viwili ili kusogeza mtu karibu; sogea wewe.

Ukiona simu inakubana, nunua kamera iliyotumika. Kamera ya miaka kumi iliyopita yenye megapikseli 18 au 24 inatosha kabisa. Picha ya megapikseli 24 ina nukta 6000 kwa 4000, na ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi inafika sentimita 50 kwa upana. Nani kati yetu anachapisha kubwa kuliko hapo? Usihangaike na zile zenye sensa ya milimita 36 kwa 24 (sensa ni kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, si ile ya kuhesabu watu). Zenye sensa ndogo ya APS-C ni nyepesi na lenzi zake ni nafuu.

Kabla hujatoa hela, fanya hivi pale pale mbele ya muuzaji. Toa lenzi, washa tochi ya simu, umulike kioo kutoka nyuma: ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu, achana nayo. Lenzi zilizokaa Pwani kwenye unyevu zina ugonjwa huo zaidi ya zilizokaa huku kwetu penye ukavu. Kisha weka f/16 (yaani tundu dogo la lenzi; namba za f nazieleza Hatua ya 3), piga anga tupu, ukuze picha: madoa meusi ni vumbi kwenye sensa, na hilo linasafishika, lakini ni sababu nzuri ya kupunguziwa bei. Funika lenzi, upige sekunde 30 gizani, utafute nukta za rangi zisizotoka. Jaribu kila kitufe na mlango wa betri. Na kama ni Sony iliyotoka Japani, ingia kwenye menyu uone kama Kiingereza kipo, maana zile zilizotengenezwa kwa soko la huko huwa na Kijapani peke yake.

Hela ya pili isiende kwenye kamera nyingine. Nunua lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8. Lenzi ya 18–55 inayokuja na kamera, ukiivuta hadi mwisho, tundu lake haliwi pana kuliko f/5.6. Ile ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Sebule ambayo ulikuwa unashindwa kupigia bila flashi, sasa unaweza. Kwenye kamera ya APS-C inaona kama lenzi ya milimita 75 au 80, yaani inafaa nyuso, ingawa chumbani utajikuta umeegemea kabati.

Kadi ya kumbukumbu ndipo nilipoumia. Niliuziwa iliyoandikwa GB 128 kwa bei ya huruma, nikaenda nayo kwenye send-off ya binti wa shangazi. Kadi ilikuwa na nafasi ndogo mno kuliko ilivyojinadi, na kila picha iliyozidi ilihifadhiwa kwa jina tu. Majina yalikuwepo, picha hazikuwepo. Shangazi bado ananikumbusha kila Krismasi. Siku hizi kila kadi mpya naipima kwanza: H2testw kwa Windows, F3 kwa Linux na Mac, zote za bure. Programu inaijaza kadi kisha inasoma ilichoandika. Inachukua saa kadhaa, acha ifanye kazi usiku.

Betri ya pili, chaja, kipulizio cha mpira. Tripodi ukipenda mandhari. Begi la gharama subiri kwanza. Kamera yangu ilisafiri mwaka mzima ndani ya kitenge.

Hatua ya 3: Namba tatu

Tundu la lenzi, kasi ya shata (pazia linalofunguka kuruhusu mwanga ufike kwenye sensa) na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Namba ya f ikiwa ndogo tundu ni pana, mwanga unaingia mwingi na nyuma panafifia. Shata ikiwa ya haraka, mwendo unaganda. ISO ikipanda picha inang'aa lakini inapata chengachenga.

Kuna kanuni ya wazee wa filamu inayofaa sana hapa kwetu: jua likiwa wazi kabisa, weka f/16, ISO 100 na shata 1/100. Ukitaka f/8, shata inakuwa 1/400. Ukitaka f/4, 1/1600. Mwanga ni uleule, umegawanywa tofauti. Fanya zoezi hili asubuhi moja nyuma ya nyumba na utaelewa kuliko video ishirini.

Kwa kazi za kila siku mimi naweka kamera kwenye hali ya A (kwa Canon ni Av): mimi nachagua tundu, kamera inachagua shata. ISO naiacha ijipange yenyewe, mwisho 3200, na shata isiteremke chini ya 1/125 nikipiga watu. Watoto wanaocheza wanataka 1/500. Watu wengine watakuambia mpiga picha halisi hutumia hali ya M, ya kupanga kila kitu kwa mkono, peke yake. Waache.

Hatua ya 4: Ngozi nyeusi, ukuta mweupe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo picha zetu nyingi zinapoharibika, na vitabu vya kamera hupita haraka.

Kipimo cha mwanga ndani ya kamera ni kipofu wa maana. Kinadhani kila unachokielekezea kina wastani wa kijivu. Mweke babu mbele ya ukuta uliopakwa chokaa: kipimo kinaona weupe mwingi, kinapunguza mwanga, na babu anabaki kivuli. Mpige mtu mwenye koti jeusi mbele ya mlango wenye giza: kipimo kinaongeza mwanga mpaka uso unapauka. Kamera haijakosea hesabu. Haijui tu kwamba unampenda nani kwenye fremu.

Dawa ya kwanza ni kitufe chenye alama ya +/−. Ukuta mweupe au anga nyuma ya mtu: anza na +1, tazama, nenda hadi +2 ikibidi. Nyuma peusi: −1. Dawa ya pili ni kubadili kipimo kiwe cha nukta moja, ukielekeze shavuni. Kwa ngozi iliyokolea sana, baada ya kupima shavu rudisha chini kwa nusu au moja, la sivyo kamera itamfanya kijivu na ule weusi wake mzuri utapotea.

Ngozi nyeusi inang'aa kwa namna ambayo ngozi nyingine hazing'ai, na hiyo ndiyo silaha yako. Usimmulike mbele kwa mbele. Mgeuze kidogo ili mwanga wa mlango utoke upande. Utaona mstari laini wa mng'ao kwenye shavu na paji la uso, na sura inapata umbo. Mafuta kidogo ya nazi husaidia. Unga mwingi wa usoni huua mng'ao huo. Upande wa kivuli ukizidi giza, mpe mtoto ashike kitu cheupe au cha fedha kurudisha mwanga: ubao wa foamu uliotoka kwenye kasha la televisheni, au kile kinga-jua cha fedha cha kioo cha gari. Sogeza mpaka uone jicho la pili limefunguka.

Na kabla ya yote, salimia. Kijijini "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, inayotamkwa vizuri, kamera ikiwa bado begani, inafungua uso kuliko lenzi yoyote. Mzee unampa shikamoo yake, unakaa, unaeleza unachotaka, unangoja jibu. Akikataa, amekataa.

Hatua ya 5: Ukumbini na ndani

Ukishajulikana una kamera, utaitwa kwenye kipaimara, harusi, na kikao cha ukoo. Ndani kuna mambo matatu.

La kwanza, mistari. Umeme wetu ni wa hertzi 50, na taa nyingi za LED za bei ndogo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ya haraka hunasa mistari ya giza kwenye picha. Shuka hadi 1/100 au 1/50 na itapotea.

La pili, rangi. Balbu ya manjano ina joto la rangi la Kelvini 2700 hadi 3000, jua la mchana 5500 hivi, kivuli 7000 na kuendelea. Ukimpiga mtu katikati ya balbu na dirisha, shavu moja litakuwa chungwa na jingine bluu. Zima balbu, tumia dirisha. Ukumbini penye taa za zambarau za DJ, subiri taa ibadilike. Hakuna programu itakayokurudishia sura kutoka kwenye zambarau.

La tatu, flashi. Dukani sema "flashi ya kamera", ukisema flashi tu utapewa ya kuhifadhia mafaili. Ile ndogo iliyo juu ya kamera yako isahau. Nunua ya nje inayogeuza kichwa. Godox TT600 na Yongnuo YN560 IV ni za kupanga kwa mkono, hutumia betri nne za AA, na zinafaa kujifunzia. Igeuze juu na nyuma kidogo, ipige dari jeupe la jipsamu: dari linakuwa taa. Dari la mbao au la rangi ya bluu litakupaka watu rangi hiyo, basi tafuta ukuta mweupe. Weka shata 1/200 au chini yake. Ukizidi hapo kwenye kamera nyingi ndogo, nusu ya picha inatoka nyeusi. Kisha kumbuka: tundu na ISO vinaamua nguvu ya flashi, shata inaamua taa za ukumbi. Ukitaka nyuma pasiwe giza totoro, teremsha shata hadi 1/60.

Na umbali: taa ndogo ikisogezwa mara mbili ya umbali, mwanga unabaki robo. Ndiyo maana bi harusi ameungua na wakwe zake wa safu ya tatu hawaonekani. Wapange kwa upana.

Hatua ya 6: Vumbi

Kiangazi chenye upepo ni adui. Kubadilisha lenzi: zima kamera, geukia upepo kisogo, elekeza mdomo wa kamera chini, na lenzi mpya iwe imeshafunguliwa kifuniko. Bora zaidi, fanya ndani ya gari. Usipulize kwa mdomo. Mate hukaukia kwenye sensa. Tumia kipulizio. Kamera ikae kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu ukiwa kwenye bodaboda.

Hatua ya 7: Mahali pa kufanyia mazoezi

Mibuyu kati ya Mei na Novemba, ikiwa imepukutisha majani: piga dhidi ya anga la machweo, pima mwanga angani, mti uwe kivuli cheusi. Mashamba ya zabibu Hombolo na Makutupora: jua likiwa nyuma ya majani, majani yanawaka. Viwanja vya Nyerere jioni kwa watu na mwendo.

Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, inahitaji adabu. Pitia ofisi ya pale Kolo kwanza. Usimwagie mwamba maji ili rangi ikolee. Ni tabia iliyoharibu michoro. Zima flashi, tumia tripodi na mwanga wa kando unaoingia chini ya jabali.

Mahali pa jeshi, polisi na ulinzi, kamera ibaki ndani. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla haijaruka.

Hatua ya 8: Kuhariri

Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalibana. Faili la JPEG lina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. RAW ya biti 12 ina 4096, ya biti 14 ina 16384. Kwa jua kama letu, zile ngazi za ziada ndizo zinazorudisha mawingu na kufungua vivuli.

Programu: darktable na RawTherapee ni za bure kwenye kompyuta. Wiki ya kwanza ya darktable inakatisha tamaa, ya tatu unaizoea. Lightroom ya Adobe ni rahisi zaidi kujifunza ila inalipiwa kila mwezi. Kwenye simu, Snapseed ni ya bure na inafungua RAW za DNG. GIMP ni ya kuondoa ndoo iliyojificha nyuma ya bibi.

Fanya kwa mpangilio huu. Chagua kwanza: picha 300, baki na 30, na futa bila huruma zenye macho yaliyofumba. Nyoosha upeo wa macho, kata kingo. Sawazisha weupe kwa kitu unachojua ni cheupe, kama kanzu. Pandisha au shusha mwanga wa picha nzima ukitazama uso, si anga. Ndipo ushushe sehemu zilizong'aa na kufungua vivuli, kidogo. Ukizidisha, picha inafanana na kalenda. Tazama histogramu (mchoro unaoonyesha mwanga wa picha umegawanyikaje) ya rangi nyekundu peke yake: kanga na shuka nyekundu juani hujaa na kupoteza mikunjo yake, hata kama histogramu ya jumla inaonekana salama. Punguza mwanga wa nyekundu, mikunjo inarudi. Chengachenga na ukali wa picha viwe vya mwisho.

Kitelezi cha kung'arisha ngozi usikiguse. Nimeona picha za harusi ambazo bi harusi amekuwa mweupe kuliko mama yake mzazi na mikono yake mwenyewe. Kama uso ni giza, ongeza mwanga wa uso kwa brashi na uache rangi ilivyo.

darktable haigusi faili lako. Huandika marekebisho kwenye faili dogo la XMP kando yake. Ukihamisha picha, hamisha na hilo. Nakala ziwe mbili kwenye diski tofauti na ya tatu nje ya nyumba. Yangu iko kwa shangazi, naye ameona ni haki.

Kwa mtandaoni, toa JPEG ya sRGB yenye nukta 2048 upande mrefu. Kwa WhatsApp itume kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa. Kwa kuchapisha sentimita 10 kwa 15 unahitaji nukta 1800 kwa 1200 hivi. Dukani mwombe kijana wa mashine azime marekebisho ya rangi ya moja kwa moja, achapishe moja ya majaribio, utoke nayo nje uitazame kivulini, kisha ndipo achapishe zilizobaki. Chapisha na ya mama mkubwa.